Fomu Haimjui Baba Mdogo

Afisa anauliza kwa Kiingereza, mkalimani anageuza: "Una ndugu wangapi?" Mama aliyekimbia kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, anahesabu vidoleni, anajibu kumi na wanne. Miezi minane baadaye, kwenye intavyuu ya pili, afisa mwingine anarudia swali lile lile. Mkalimani wa safari hii ni makini zaidi, anasema "ndugu wa tumbo moja", na mama anajibu watano. Hakudanganya mara ya kwanza wala ya pili. Lakini sasa faili lina 14 na lina 5, na faili la mkimbizi husomwa kwa kulinganisha karatasi na karatasi.

Siasa ya uhamiaji tumezoea kuisikia kwa sauti kubwa: boti zinazozama, kuta, hotuba za kampeni. Sehemu yake inayoumiza familia nyingi za waongeaji Kiswahili haina kelele. Imo kwenye kisanduku kimoja cha fomu, kile kinachouliza huyu ni nani wako.

Nchi zinazopokea watu huihesabu familia karibu kwa namna moja. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia linaanzia kwa mume, mke na watoto wasiofikia utu uzima. Wengine karibu wote wameachiwa hiari ya kila nchi. Marekani humpa mkimbizi aliyekwisha kuingia miaka 2 ya kumwombea mwenzi wake na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21. Uingereza mpaka wake ni miaka 18. Mtoto wa kaka hayumo popote kati ya hizo, isipokuwa kwa maombi ya pekee yanayotegemea moyo wa anayeyasoma.

Sasa tazama lugha yetu. Kwa mwanamume, mtoto wa dada yake ni mpwa, lakini mtoto wa kaka yake ni mwanawe, na mtoto naye humwita baba mkubwa au baba mdogo kulingana na nani alitangulia kuzaliwa. Mama mkubwa na mama mdogo ni hivyo hivyo. Kule Uvira watasema baba mudogo, Unguja watasema ami, ila hesabu ni moja: ubaba unasambaa kwa ndugu wa kiume wa baba, umama kwa ndugu wa kike wa mama. Kaka akifa, mwanawe hahitaji hakimu wa kumkabidhi kwa mtu. Ana baba tayari. Neno "ndugu" lenyewe limebeba mzigo mzito mno: ni wa tumbo moja, ni binamu, ni mtu wa ukoo, na Tanzania liliwekwa hata mbele ya jina la kiongozi wa chama.

(Methali nazo hazitusaidii kesi. Moja inasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na hiyo afisa angeipigia makofi. Nyingine inasema kuzaa si kazi, kazi kulea.)

Februari 2008 serikali ya Marekani ilianza kupima DNA jijini Nairobi, kwa wakimbizi wapatao 500, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wakingoja kuwafuata jamaa zao waliotangulia. Kipimo kikapanuliwa hadi nchi nyingine za Afrika, zikiwamo Uganda na Ethiopia, jumla ya watu wapatao 3,000. Taarifa iliyotolewa ilikuwa kwamba familia ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Oktoba mwaka huo mlango wa jamaa kuombeana ukafungwa, na ulifunguliwa tena Oktoba 2012 kwa sharti la DNA.

Asilimia hiyo imetumika sana kwenye mabishano, na wengi wanaoitumia hawaelezi ilivyohesabiwa. Kipimo kilikuwa cha familia nzima, si cha mtu mmoja mmoja. Familia ya watu 8 ambamo saba ni wa damu na mmoja ni yatima wa kaka ilianguka, na iliangukia kapu lile lile la familia ambayo watoto wote walinunuliwa nafasi. Aliyekataa kupimwa aliwekwa humo pia. Kapu hilo lilichanganya wezi na walezi, na takwimu ilipotoka nje ikawa na jina moja: udanganyifu.

Wezi walikuwapo, tusijifanye hatujui. Nafasi kwenye faili la kwenda ng'ambo huuzwa, na neno "mwanangu" ndilo risiti. Mtu akitaka kuona jinsi neno la udugu linavyoweza kuficha biashara, asome riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz ambaye siku zote amezoea kumwita kama ndugu wa baba. Akifika pwani, kijana Khalil anamzindua: yule si jamaa yako hata kidogo. Baba yake Yusuf anadaiwa, na Yusuf ni rehani. Khalil mwenyewe yuko dukani kwa deni la wazazi wake. Kwa hiyo afisa anayesita anaposikia "huyu ni ami yangu" si lazima awe katili. Pwani yetu ina historia ya watoto waliosafirishwa chini ya neno hilo.

Kiingereza kina "uncle" mmoja tu, na huyo ni baba mkubwa, ni baba mdogo, ni mjomba, na ni mume wa shangazi. Mfasiri wa riwaya analazimika kuchagua mmoja, na ana siku nzima ya kufikiri. Mkalimani wa ubalozini analazimika kuchagua pia, naye ana sekunde mbili, na chaguo lake haliandikwi popote. Kinachoandikwa ni jibu la Kiingereza, kana kwamba mkimbizi ndiye aliyelitamka.

DNA yenyewe inajua mambo machache kuliko watu wanavyodhani. Usufi unasuguliwa ndani ya shavu, sampuli inafungwa mbele ya shahidi, inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa. Kwa mzazi na mtoto jibu ni kali: Marekani hutaka uwezekano wa asilimia 99.5 au zaidi, na hufikiwa bila shida kama kweli ni mzazi. Ukitoka hapo ukungu unaanza. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana kwa wastani nusu ya vinasaba. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali hushirikiana robo. Mjomba na mpwa, robo. Bibi na mjukuu, robo. Kwa hiyo dada wa baba mmoja mama mbalimbali, ami na bibi wanaweza kutoka maabara wakiwa na namba zinazofanana, na mwenye kuamua ni nani kati yao atarudi kwenye karatasi zile zile alizozitilia shaka mwanzo. Na kuna lile jingine ambalo hakuna fomu inayolitaja: baba anayegundua kwenye korido ya ofisi kwamba mtoto wa pili si wake. Mtoto anaondolewa kwenye kesi, na ndoa inabaki na habari hiyo.

Wenzetu Waislamu wana ugumu wao wa ziada. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaagiza mtoto wa kulea aitwe kwa jina la baba yake mzazi. Mlezi mcha Mungu, basi, hambadilishi jina. Afisa anaona mtoto wa jina jingine asiye na hati ya kuasiliwa, kwa sababu kinachofanyika ni kafala, yaani kumlea mtoto bila kumbadilishia nasaba. Kenya iliitambua kafala katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na ni hatua njema, lakini Marekani hutaka mtoto awe ameasiliwa kisheria kabla ya kutimiza miaka 16 na kukaa na mzazi huyo miaka 2. Kafala haiasili. Uaminifu wa mlezi kwa dini yake unasomeka kama pengo la ushahidi.

Majina ni shimo lingine, na wanaotumbukia humo ni hata wale ambao kila kitu chao ni cha damu. Tuchukue familia ya Unguja: baba Ali Juma Hamad, mama Asha Khamis Faki, mtoto Salum Ali Juma. Kila mmoja ana jina lake, la baba na la babu, na mke habadilishi jina kwa kuolewa. Fomu inadai jina la ukoo, karani anachukua la mwisho, na mbele ya dirisha la uwanja wa ndege wanasimama watu watatu: Hamad, Faki na Juma. Kwa Kongo ni gumu zaidi. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na hata baada ya majina hayo kurudi, Mkongo hubaki na jina, jina la pili na jina la ubatizo. Mtoto wa kwanza hupewa jina la babu huyu, wa pili la babu yule, wa tatu la shangazi. Watoto sita wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina hata moja linalofanana. Rwanda na Burundi kila mtoto huzaliwa na jina lake pia.

Karani wa kambi mwenye foleni ndefu hurekebisha kwa huruma: anawapa wote jina la baba. Hapo faili limenyooka, lakini cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki vinasema jina jingine. Sasa una mtoto mmoja mwenye majina mawili, na swali la afisa litakuwa ni lipi la uongo.

Gurnah alikwishaliona hilo pia. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kuondoka kwenda Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, basi karatasi za safari hakuzijua kwa kusimuliwa. Katika By the Sea, ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anatua Gatwick na pasi ya jina la Rajab Shaaban, hasimu wake aliyekwisha kufa, na anajifanya hajui Kiingereza. Wanaomsaidia wanatafuta mkalimani. Wanamwita mhadhiri wa London, Latif Mahmud, ambaye ni mtoto wa yule Rajab Shaaban halisi. Kwenye makaratasi ya Uingereza, mzee aliyemnyang'anya baba yake nyumba ndiye sasa baba yake. Wachambuzi wengi huisoma riwaya hiyo kama habari ya kumbukumbu na msamaha. Nadhani wanaipunguza. Ni riwaya ya hati: hati ya nyumba, hati ya mkopo, hati ya kusafiria, na jinsi kila moja ilivyopanga upya nani ni wa nani.

Tusidhani, lakini, kwamba fomu zote duniani zinakata familia kwenye mfupa mmoja. Baada ya Qaboos kushika madaraka Oman Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi, maelfu ya waongeaji Kiswahili kutoka Zanzibar na bara walikwenda Muscat. Huko swali liligeuka. Mtu aliulizwa babu, aliulizwa kabila, na jina la kabila ambalo huenda Zanzibar halikutamkwa miaka mingi likawa ufunguo, maana sheikh wa kabila ndiye aliyeweza kusema huyu ni wetu. Ami alijulikana vizuri sana. Asiyehesabika alikuwa mama, na kwa wengi mama huyo au bibi alikuwa Mwafrika wa Unguja, Tanga au Ujiji. Uraia ulipita kwa baba. Fomu ya Ulaya inajua mama na haijui ami, ya Muscat ilikuwa kinyume chake, na kuna koo ambazo zimepitia zote mbili katika kizazi kimoja.

Sisi wenyewe si wasafi. Tanzania hairuhusu raia mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Kongo sheria yake ya 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haugawanywi. Kenya ilifungua kwa Katiba ya 2010. Kwa hiyo dada wawili waliohamia mji mmoja wa ng'ambo, mmoja akiwa Mkenya wa kuzaliwa na mwingine Mtanzania, wanaweza kuchukua pasi ileile ya kigeni na mmoja tu akabaki raia wa kwao. Gurnah aliposhinda Nobel mwaka 2021 tulibishana wiki nzima kama ni wetu; sheria ilikuwa na jibu fupi.

Nini cha kufanya na kisanduku? Wanaozijua kesi hizi kwa ukaribu hukubaliana juu ya mambo machache, na la kwanza ni kuchora. Kabla ya kuandikishwa, familia ikae na karatasi kubwa iandike kila mtu: waliohai, waliokufa, waliopotea, waliobaki nyuma. Mbele ya kila jina si "ndugu" wala "mwana", bali "baba mmoja mama mmoja", "baba mmoja, mama mbalimbali", "mtoto wa kaka yangu, namlea tangu 2011". Watoto waliofariki huachwa kwa sababu kuwataja kunauma, na walioachwa kwa bibi huachwa kwa sababu hawapo kambini; miaka saba baadaye mzazi anapotaka kumwombea yule wa kwa bibi, faili linasema hakuwahi kuwapo.

Yatima aandikwe yatima. Hapa ndipo familia nyingi hufanya kosa, na sababu yake inaeleweka: mtoto wa kulelewa hufanyiwa tathmini ya pekee ya maslahi yake, nani anamlea, wazazi wako wapi, je kuna jamaa wa karibu zaidi, na tathmini hiyo huchelewesha kesi ya nyumba nzima. Kambini kila mtu anamfahamu mtu ambaye kesi yake ilikwama kwa ajili ya mpwa. Basi mtu anasema "ni wangu", jambo ambalo kwa lugha yake ni kweli, anapita haraka, na anakuwa ameweka mwiba utakaomchoma kwenye kipimo cha DNA au, mbaya zaidi, siku ya kuomba uraia, anapoulizwa orodha ya watoto aliowazaa. Vyeti vya vifo vya waliouawa porini havipo, na maafisa wanalijua hilo. Barua ya chifu wa kijiji, cheti cha kanisa na maelezo ya mashahidi wawili yaliyoandikwa mbali mbali huwa na uzito kuliko cheti kipya kinachong'aa kilichotolewa juzi.

Kosa likigundulika, lisahihishwe kwa maandishi kabla ya intavyuu, na nakala yenye muhuri na tarehe ibaki mkononi mwa mwenye kesi. Maneno yale yale yakisemwa kabla ya kuulizwa huitwa marekebisho, yakisemwa baada huitwa kukiri. Na mtu ana haki ya kumwambia mkalimani "sikusema hivyo". Wengi hawasemi kwa adabu tu, hasa mkalimani akiwa mzee.

Zimebaki tarehe. Asiyejua siku ya kuzaliwa huandikwa 1 Januari, ndiyo maana kuna nyumba ambazo watu wote saba wana sherehe moja. Ubaya wake wa kwanza ni hesabu: kaka kaandikwa 1 Januari 2009 kwa kukisia, mdogo wake ana kadi halisi ya kliniki ya 12 Juni 2009, na mama mmoja hazai mara mbili kwa miezi mitano. Mwaka wenyewe huweza kukosewa na mkalimani msomi. Mama wa Uvira akisema mtoto alizaliwa "Kabila alipoingia", anakusudia Oktoba 1996, waasi wa Laurent Kabila walipouteka mji wake na watu wakavuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Mkalimani anayekumbuka kuingia Kinshasa ataandika 1997.

Ubaya wa pili hauonekani hadi umri uanze kuhesabiwa, na sasa unahesabiwa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo, karibu 20,000, ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote. Tarehe 20 Januari 2025 ikatolewa amri ya kuusimamisha mpango huo. Uingereza nayo, tangu 4 Septemba 2025, ikasitisha kupokea maombi mapya ya wakimbizi kuunganishwa na familia. Njia iliyobaki kwa wengi ni ile ya kawaida ya mwenzi, ambayo tangu Aprili 2024 inataka kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Milango ikifungwa, saa ya mtoto haisimami, na 1 Januari, mwaka ukiwa sahihi, humfanya mtoto awe mkubwa kuliko alivyo, haijapata kumfanya mdogo. Msichana aliyezaliwa msimu wa maembe, Desemba 2008, akaandikwa 1 Januari 2008, alitimiza miaka 18 kwenye karatasi siku ya mwaka mpya wa 2026. Kwa hesabu ya mama yake, siku hiyo alikuwa bado na miaka 17, hadi maembe yaive tena.